Pikapu ya Safari na Kilo Zisizohesabiwa

Ijumaa jioni, barabara ya kutoka Arusha kwenda Makuyuni huwa na wageni wake. Katikati ya malori ya saruji, mabasi ya Babati na Noah zilizojaa abiria, hupita pikapu zilizonyanyuliwa juu, bampa la chuma mbele, taa sita juu ya kebini, hema limekunjwa kwenye keria, madumu ya dizeli yamefungwa ubavuni, tairi nene zenye meno. Watoto wa Kisongo husimama kuzitazama. Ni magari mazuri na wenye nayo wana haki ya kuyafurahia. Lakini anayezitazama kwa nyuma zinapopunguza mwendo kwenye tuta huona jambo jingine. Pua imeinuka, mkia umeinama, na springi za nyuma zimenyooka kabisa, hazina tena mkunjo. Gari halijafika hata Mto wa Mbu na tayari limechoka.

Msimamo wa safu hii ni huu: fedha za kwanza za kuiandaa pikapu kwa safari za porini ziende kwenye tairi, springi, breki na ujuzi wa dereva. Kifaa chochote kinachofuata baada ya hapo kihesabiwe kilo zake kabla ya kuhesabiwa shilingi zake. Hivi sasa wengi wanaanza na vinavyoonekana. Gari linapendeza kwenye picha, kisha linavunjika mahali ambapo simu haishiki mtandao na fundi wa karibu yuko umbali wa nusu siku.

Jambo hili linawahusu hata wasio na mpango wa kulala porini, kwa sababu pikapu ya kwetu haina kazi moja. Inayokwenda Natron Jumamosi ndiyo inayobeba pumba za kuku Jumatatu, mifuko ya saruji Jumatano, na usiku wa manane ikampeleka bibi hospitali. Ni kaya ngapi zinazoweza kununua pikapu ya kutembelea tu? Kinachofanywa gereji kwa ajili ya siku 10 za likizo kinabaki kwenye gari siku zote zilizosalia za mwaka.

Waliotangulia walikuwa na sababu

Vifaa vinavyouzwa leo Nairobi, Dar es Salaam na Arusha vina asili yake, na asili hiyo inafundisha. Kampuni ya ARB ilianzishwa Melbourne mwaka 1975 na Anthony Brown, baada ya safari za kaskazini mwa Australia alikoona keria na mabampa ya wasafiri yakishindwa kuhimili njia. Kule kangaruu hurukia barabara usiku, na miji imetenganishwa na mamia ya kilomita za upweke. Bampa la chuma lilikuwa jibu la swali lililokuwepo.

Iceland swali lilikuwa theluji. Mafundi wa huko waligundua kwamba tairi kubwa sana, ikipunguzwa upepo hadi karibu na kuisha, hutandazika na kuelea juu ya theluji badala ya kuzama. Mwaka 2007 kampuni ya huko, Arctic Trucks, iliandaa Toyota Hilux zenye tairi za inchi 38, na watangazaji wa kipindi cha Top Gear cha Uingereza wakafika nazo mahali ilipokuwa ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1996. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Wengi walichokumbuka ni ukubwa wa tairi. Kilichosahaulika ni upepo uliopunguzwa, ambao ndio uliofanya kazi.

Afrika Kusini, ambako Hilux huundwa mjini Durban, familia huzipakia pikapu zao kwenda kwenye mchanga wa Botswana na Namibia. Baadhi yao husogea kaskazini, wakavuka Tunduma na kupanda hadi Iringa na kwingineko, hema juu ya paa na friji nyuma. Vijana wetu wengi waliuona mtindo huu kwa mara ya kwanza kupitia wageni hao. Na Kenya kuna Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kuzungushia uzio milima ya Aberdare, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Mshindi pale si mwenye mbio. Ni yule anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, akikata mabonde na miamba. Magari yake yanatisha kwa sura, lakini yanaandaliwa kwa ajili ya siku moja, bila watoto kiti cha nyuma wala sufuria wala godoro.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, ila mkulima naye halimi mpunga kwa shoka. Ardhi yetu inauliza maswali yake. Kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka na masika hushika tairi kama ugali mbichi. Kuna vumbi la majivu ya volkano chini ya Ol Doinyo Lengai. Kuna makorongo makavu asubuhi yanayojaa maji alasiri kwa mvua iliyonyesha milimani. Na zaidi ya yote kuna changarawe iliyojikunja kama bati, kilomita baada ya kilomita. Anayejenga gari kwa ajili ya barafu au kangaruu atakuwa amejibu mtihani wa darasa jingine. Hata ng'ombe na pundamilia wanaovuka usiku wana dawa nafuu kuliko bampa: kutoendesha usiku.

Haba na haba

Tuchukue Hilux dabo kebini ya nne kwa nne, ya kizazi kilichotoka mwaka 2015. Ikiwa tupu ina uzito wa zaidi kidogo ya tani 2, na mtengenezaji ameiruhusu kufikia takriban tani 3 ikiwa na kila kitu. Kutegemea toleo, inabaki nafasi ya kilo 900 hivi. Ndani ya kilo hizo wamo na watu.

Sasa mteja anaingia gereji. Bampa la chuma ni kilo 60. Winchi na waya wake, 30. Kanopi ya chuma, 90. Hema la juu ya paa, 65. Droo za mbao na chuma nyuma, 60. Friji na vyakula vyake, 40. Maji lita 60 ni kilo 60 kamili. Madumu mawili ya dizeli, 34. Tairi ya pili ya akiba, 35. Betri ya pili, 25. Jeki, chepe na vifaa, 30. Hakuna kati ya hivi kinachoonekana kizito kikitajwa peke yake. Mzigo wa mwenzio, ukiutazama kwa mbali, ni kanda la usufi. Jumla yake ni kilo 529. Wapande baba, mama na vijana wawili, kilo 300. Waweke mabegi, 80. Kilo 909. Gari limejaa kabla sufuria na mtungi wa gesi havijapakiwa.

Na nani atamwambia? Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Malori yanapanga foleni kwenye mizani, pikapu inapita pembeni. Mwenye lori hujua uzito wake hadi kilo ya mwisho kwa kuogopa faini; mwenye pikapu iliyozidishwa anaweza kuzunguka nchi nzima miaka 5 asijue.

Uzito wenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni pale ulipokaa. Sehemu kubwa ya bodi ya dabo kebini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kinachoning'inia mkiani hufanya kazi ya mtoto mnene kwenye ubao wa kubembea: kinashusha nyuma na kuinua mbele. Magurudumu ya mbele yanapunguziwa uzito, na hayo ndiyo yanayokata kona na ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya kufunga breki. Usukani unakuwa mwepesi mkononi. Dereva anadhani gari limekuwa laini.

Kisha inakuja changarawe. Kila kijituta ni nyundo, na chesesi inapigwa maelfu ya mara kwa saa. Mahali pa kupindia panajulikana: nyuma kidogo ya kebini, hasa kwa pikapu zilizowekewa mifuko ya upepo katikati ya chesesi na ekseli ili kuficha mkia ulioinama. Mifuko hiyo inainua gari vizuri, lakini mzigo uliokuwa ukigawanywa kwenye ncha mbili za springi sasa unasukuma sehemu moja. Kwanza mlango wa nyuma unaanza kugoma kufunga. Halafu nafasi kati ya kebini na bodi inakuwa pana juu, nyembamba chini. Hapo methali ya ufa na ukuta haina fumbo tena, maana ufa upo kwenye chuma na unaonekana kwa macho.

Pembeni ya hayo, viingilio vya magari kwenye hifadhi zetu za taifa hupangwa kwa madaraja ya uzito. Hata mlangoni kilo ina bei yake.

Vinavyostahili fedha za kwanza

Tairi ndiyo inayogusa ardhi, kwa hiyo ndiyo ianze. Si kubwa kupita kiasi, imara. Tairi yenye ubavu mgumu na meno ya kati, yale yanayokubali lami na vumbi, katika saizi ileile au jirani sana na iliyotoka kiwandani, itamfikisha mtu Katavi na kumrudisha. Anayetoka kwenye 265/65 ya rimu 17 kwenda 285/70 ameongeza kipenyo kwa asilimia 7 hivi. Maana yake, spidomita ikisoma 50 gari linakwenda 53 na nusu, na ikisoma 80 linakwenda zaidi ya 85. Tochi ya askari haisomi spidomita ya mtu. Baya zaidi ni breki: gurudumu zito na kubwa zaidi linasimamishwa na breki zilezile za kiwandani, na uzito umeongezeka.

Ila tairi bora bila geji ya upepo ni nusu ya kazi. Mtazame dereva anayejua akifika kwenye mchanga wa korongo. Anasimamisha gari kabla ya mchanga, si ndani yake. Anachuchumaa, anafungua kifuniko cha valvu, anabonyeza sindano kwa ncha ya kijiti. Upepo unatoka kwa mluzi mrefu. Anasimama, anaweka geji: 30. Anachuchumaa tena: 25, kisha 20. Tairi inatanuka chini kama wayo uliovuliwa kiatu, na alama yake mchangani inarefuka. Dakika 15 kwa magurudumu manne. Anapanda, anaweka nne kwa nne, anavuka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Ng'ambo anawasha kompresa ndogo aliyoibana kwenye betri na kurudisha upepo kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo mkubwa huchemka na kupasuka. Vifaa vyote alivyotumia vinaenea kwenye mfuko mmoja wa turubai. Je, kuna winchi inayoshinda kutokukwama?

Baada ya tairi ni springi na shokapu. Hapa kosa la kawaida ni kununua ugumu. Springi zilizopangwa kwa kilo 500 za mzigo wa kudumu, zikifungwa kwenye pikapu inayotembea tupu siku nyingi, zitairusha nyuma kila shimo, na abiria watashuka wanashika viuno. Fundi mzuri huuliza kwanza: gari litabeba nini siku za kawaida? Shokapu nazo ni roho ya safari. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na kwenye changarawe ndefu ile ya Mto wa Mbu hadi Engaresero mafuta yake huchemka hadi hayafanyi kazi. Mwenye uzoefu husimama chini ya mgunga, akasogeza kiganja karibu na shokapu bila kuigusa. Ikitoa joto kama birika, watu wanakunywa maji na kusubiri.

Na kunyanyua gari? Inchi moja na nusu au mbili, kwa springi sahihi, inasaidia tumbo lisikwaruze mawe. Inchi nne ni habari nyingine. Shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe ambazo hazikukusudiwa, raba zake zinachanika na kuingiza vumbi, mipira ya breki inavutika, na gari linayumba kwenye upepo wa lori. Pikapu ndefu yenye hema na madumu juu ya paa ina kichwa kizito. Kwenye kona ya mlimani kichwa hicho ndicho kinachotangulia kuanguka. Mteja akiulizwa, “Bosi, tupandishe mbili au nne?” ajibu mbili, na asione haya.

Vumbi, maji na waya

Bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa, ambalo mafundi huliita snokeli, limepewa sifa isiyo yake. Watu hudhani linaligeuza gari kuwa mashua. Faida yake kubwa kwetu ni vumbi: hewa ya juu ina vumbi pungufu, na chujio linadumu zaidi. Kwenye maji linazuia injini isinywe, basi. Difu na gia boksi bado zina vitundu vyake vya kupumulia chini, nyaya na kompyuta ya injini bado ziko mahali pake, na mkondo bado una nguvu ya kusukuma gari la tani 3. Toyota yenyewe iliitaja Hilux ya 2015 kuwa inavuka maji ya sentimeta 70. Korongo lenye maji ya kahawia yanayokimbia halina kipimo. Dawa yake ni kusubiri ng'ambo hii, hata ikibidi kulala.

Kuna kifaa kidogo kisichopigwa picha na mtu yeyote ambacho safu hii ingekiweka juu ya orodha: chujio la ziada la dizeli lenye kutenganisha maji. Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo wala kompyuta, zilipendwa na mashirika, misheni na kampuni za utalii kwa sababu zilivumilia mengi, mafuta machafu yakiwemo. Injini za kisasa zinasukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia matundu membamba. Dizeli ya kwenye dumu, iliyokaa juani dukani kijijini, ikiwa na maji kidogo na mchanga kidogo, inaweza kuua nozeli zote nne kwa safari moja. Gharama ya nozeli hizo ingelipa ada ya shule ya mtoto.

Waya nao usidharauliwe. Betri ya pili ya friji ni jambo jema, lakini waya mnene unaotoka kwenye betri bila fyuzi, ukapita kwenye ukingo wa chuma, ni moto unaosubiri mtikisiko. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na waya uvishwe bomba la plastiki.

Wale walio nje ya gari

Pikapu haiko peke yake barabarani. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni za mabampa ya ziada ya mbele kwa kuangalia usalama wa watembea kwa miguu, kwa sababu bomba gumu la chuma kwenye kimo cha kifua cha mtoto hufanya ajali ndogo kuwa kubwa. Huku kwetu bomba la aina hiyo huchomelewa nje ya gereji kwa nusu siku, likafungwa moja kwa moja kwenye chesesi bila mtu kujiuliza kama vihisio vya mifuko ya hewa vitaendelea kusoma mgongano sawasawa. Je, kwa gari ambalo siku nyingi linapita mbele ya shule ya msingi, bampa hilo linamlinda nani?

Taa sita za juu ya kebini nazo. Porini, peke yako, zinasaidia. Barabara ya Moshi saa mbili usiku zinampofusha dereva wa bodaboda aliyebeba mama na mtoto, na yule hana kebini ya kujifichia. Zivishwe vifuniko tangu gari linapotoka porini hadi linaporudi. Na anayevuta mwenzake aliyekwama asifunge mkanda kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Kimewahi kukatika na kuruka kama risasi, kikaua. Mkanda hufungwa kwenye pete iliyobanwa kwa bolti kwenye chesesi, na watu husogea mbali.

Jumatatu asubuhi

Kipimo cha marekebisho mazuri ni Jumatatu. Droo zilizofungwa kwa bolti nne na kutolewa na watu wawili ni bora kuliko zilizochomelewa. Hema linaloshushwa na kutundikwa stoo linaiachia pikapu paa lake, na dizeli inayookolewa inaonekana kwenye matumizi ya nyumbani, hasa wiki ambazo wadhibiti wa bei za mafuta, EWURA wa Tanzania au EPRA wa Kenya, wametangaza bei mpya. Kanopi iwe ya alumini kama uwezo upo. Kwa safari ya familia ya siku tatu Tarangire au Tsavo, hema la chini la kilo 5 linatosha kwenye kambi zilizoruhusiwa, na pikapu inabaki na uwezo wa kubeba gunia. Mwenye bima naye aandike kwa kampuni yake kila alichoongeza, kabla ya ajali, siyo baada yake.

Wenye gereji wana nafasi ya kusaidia kuliko mtu mwingine yeyote. Kila kifaa wanachouza kina uzito unaojulikana. Wauandike kwenye risiti pembeni ya bei, na chini wajumlishe kilo kama wanavyojumlisha shilingi. Mteja akiona jumla imefika 500 kabla hajamweka mke wala mtoto, atauliza maswali yake mwenyewe.

Na mwenye pikapu, kabla ya safari ijayo, apakie kila kitu, ajaze tangi, aipandishe familia nzima, kisha aende kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya wanunuzi wa vyuma chakavu na kuomba kupimiwa. Apandishe magurudumu ya mbele peke yake, asome. Kisha gari zima, asome tena. Alinganishe na namba zilizopigwa kwenye kibati cha nguzo ya mlango. Zikizidi, aanze kushusha vya juu ya paa.